Kabla ya kuilaumu ruta: kasi ya Wi-Fi hupotelea wapi

Mtu analipia laini ya megabiti 100 kwa sekunde. Jioni amejilaza kitandani, anafungua programu ya kupima kasi kwenye simu; mshale unapanda, unatetemeka, unatua kwenye 11. Hapo ndipo anapoanza kutafuta mchawi. Wa kwanza kushukiwa ni mtoa huduma, wa pili ni ruta, wa tatu ni jirani anayedhaniwa amepewa nywila na watoto. Siku mbili baadaye ruta mpya yenye antena sita inafunguliwa sebuleni, inawashwa, na mshale unatua kwenye 14.

Ile 11 ilikuwa ya kweli, ila haikusema kasi imepotelea wapi. Kati ya simu na seva ya kupimia kuna vipande kadhaa: hewa iliyopo kati ya simu na ruta, ruta yenyewe, kebo ya kutoka ruta hadi modemu (kifaa kinachopokea laini ya mtoa huduma), laini yenyewe ya mtoa huduma, kisha mtandao wake hadi ilipo seva. Kipande chembamba kuliko vyote ndicho kinachoamua namba utakayoiona. Ukibadilisha kingine chochote, hata kwa gharama kubwa namna gani, namba haisogei. Kwa hiyo kazi kubwa ni kujua kasi inapotelea wapi. Ukishajua, kurekebisha mara nyingi ni suala la dakika tano.

Lugha yetu ya kila siku nayo inatuponza. Tunasema "Wi-Fi imekata" tukimaanisha intaneti, na tunasema "mtandao uko chini" tukimaanisha Wi-Fi. Wi-Fi ni kile kipande cha hewani tu. Ruta inaweza kuwa inarusha mawimbi safi kabisa huku nyuma yake hakuna intaneti hata tone, na kinyume chake pia.

Namba zinazodanganya

Kuna kesi zinazoisha hapohapo kwenye kusoma namba. Watoa huduma huuza kasi kwa megabiti. Kivinjari kinapopakua faili huonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo laini ya megabiti 100 ikifanya kazi bila dosari itakuonyesha megabaiti 12.5 kwa sekunde, na kwa kawaida pungufu kidogo ya hapo. Nimewahi kumsikiliza mtu akigombana na huduma kwa wateja karibu nusu saa kwa ajili ya ile 12, na aliyekuwa upande wa pili wa simu naye hakumwambia agawanye kwa nane.

Namba nyingine iko kwenye boksi la ruta. Imeandikwa AC1200 na mnunuzi anaelewa megabiti 1200. Huo ni ujumlisho wa masafa mawili ambayo ruta hurushia mawimbi yake: 300 za masafa ya gigahezi 2.4, na 867 za gigahezi 5, kisha zikasogezwa juu zifike namba inayopendeza. Simu ya kawaida hushika upande mmoja tu kwa wakati. Na hizo 867 zenyewe ni kasi ya kiungo, yaani kasi ambayo biti huruka nayo hewani pale simu inapopata nafasi ya kusema. Kinachobaki kwa ajili ya faili lako huwa kati ya nusu na theluthi mbili hivi. Nyingine huliwa na kusubiri, na kuthibitishiana kwamba pakiti, yaani kifungu kidogo cha data, imefika, na matangazo ambayo ruta hutoa karibu mara kumi kila sekunde ili ijulikane ipo. Kisha kuna kituko ambacho bado kinanishangaza: ruta kadhaa za bei nafuu zenye maandishi hayo makubwa zina matundu ya kebo ya megabiti 100 tu. Hewani 867, mlangoni 100. Hilo haliandikwi mbele ya boksi, liko ubavuni kwa herufi za mchwa.

Simu pia ina ukomo wake. Simu yenye antena moja inayojua gigahezi 2.4 peke yake, ya kizazi kinachoitwa Wi-Fi 4 ambacho kanuni zake zilipitishwa mwaka 2009, kwenye chaneli (kipande cha masafa) ya kawaida ya upana wa megahezi 20 haivuki kasi ya kiungo ya megabiti 72. Kwenye kipimo utaona 40 na kitu. Ukiipeleka kwenye laini ya 200 itaonyesha 40 na kitu.

Waya kwanza

Kipimo kimoja hukata tatizo lote katikati. Chukua kompyuta, ichomeke kwenye ruta kwa kebo, zima Wi-Fi ya kompyuta hiyo, waombe watu wa nyumbani waache mtandao kwa dakika tatu, kisha pima. Ukipata 95 hivi kwenye laini ya 100, basi laini ni nzima, ruta inapitisha vizuri, na ugonjwa uko hewani. Ukipata 11 ileile, acha kuzungusha antena. Tatizo liko nyuma ya ruta au ndani yake. Rudia mara mbili, mchana na usiku. Laini inayotoa 95 asubuhi na 20 saa tatu usiku kwa waya inasongwa huko kwa mtoa huduma, wakati wote wakiwa wamerudi majumbani.

Asiye na kompyuta yenye tundu la kebo asimame na simu mita mbili au tatu kutoka kwenye ruta, ahakikishe ameshika gigahezi 5, apime. Si kipimo safi, ila kinatosha kutenga kesi nyingi.

Hapa niseme langu. Nilikuwa na laini ya megabiti 300 na nilikuwa napata 94 kila mahali nyumbani, sebuleni na chumbani, asubuhi na usiku. Nilimaliza jioni mbili nikibadilisha chaneli. Namba isiyobadilika namna hiyo ilipaswa kunishtua mapema, maana mawimbi ya hewani hayana tabia ya kutulia. Hupanda na kushuka ukipiga hatua tatu. Siku ya tatu nikachomeka waya, nikapata 94. Nikafuata kebo inayotoka kwenye modemu kwenda kwenye ruta na kukuta mguu wa meza umeikalia. Kebo ya mtandao ina nyaya nane zilizosokotwa mbili mbili, jozi nne. Kasi ya megabiti 1000 inazihitaji jozi zote nne. Kasi ya 100 inahitaji mbili tu. Jozi moja kati ya zile mbili nyingine ikikatika, vifaa havilalamiki. Vinapatana kimyakimya kushuka hadi 100, na ukitoa gharama za vichwa vya pakiti, yaani anwani na maelezo yanayotangulia data, unabaki na 94 au 95. Tangu siku ile nikiona 94 inayoganda kwenye laini kubwa, siulizi lolote kuhusu Wi-Fi. Naomba nione kebo, na nasoma maandishi kwenye ganda lake: Cat 5e na kuendelea hubeba 1000 hadi mita 100, ile ya Cat 5 ya zamani ni bahati nasibu.

Kuna kipimo kingine cha bure ambacho watu hukisahau. Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta iliyo kwenye Wi-Fi, andika ping, amri inayotuma ujumbe mfupi na kupima jibu limechukua muda gani, kisha anwani ya ruta yako, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Hapo hujagusa intaneti. Unapima hewa ya nyumbani peke yake. Majibu yakirudi kwa milisekunde 2, 3, 2, 4, hewa ni shwari. Yakija 3, 5, 180, 4, 412, kisha moja likapotea kabisa, umeshamwona mwizi kabla hajaruka ukuta.

Hewa ni ya zamu

Sasa tuseme waya umetoa 95 na simu chumbani inatoa 11. Wengi wanadhani Wi-Fi ni bomba: ukiongeza nguvu, maji mengi yatapita. Mimi naiona kama kikao chenye kipaza sauti kimoja. Kwenye chaneli moja, kifaa kimoja tu husema kwa wakati. Kabla ya kusema kila kifaa husikiliza kwanza kama kuna mwingine anayeongea, kisha husubiri kitambo kidogo cha kubahatisha ili wawili wasianze pamoja. Wakigongana, wote wanarudia. Ruta yenyewe ni mjumbe kama wajumbe wengine. Ikiongea, simu zote zinanyamaza.

Kwa hiyo kinachogawanywa ni muda. Na hapa ndipo kifaa kimoja kizembe kinapoweza kuwaumiza wote. Chukua pakiti ya kawaida ya baiti 1500, yaani biti 12,000. Kompyuta iliyo karibu na ruta, kwa kasi ya kiungo ya megabiti 300, huipitisha kwa mikrosekunde 40. Simu iliyoko mwisho wa korido nyuma ya kuta tatu imeshuka hadi megabiti 6, kwa sababu mawimbi yanapofifia vifaa hupunguza kasi ili wasikizane. Pakiti ileile inachukua mikrosekunde 2000, mara hamsini. Kama kila mmoja anapewa zamu ya pakiti moja moja, basi mzunguko mzima ni mikrosekunde 2040, na kompyuta ya 300 inajikuta inapata chini ya 6. Haina kosa, iko mita mbili kutoka kwenye ruta, na inatambaa kwa sababu ya simu iliyo chumba cha mwisho inayopakia picha. Ruta za siku hizi hupunguza adha hii kwa kugawa muda badala ya pakiti, na Wi-Fi 6 inaweza kuwahudumia kadhaa ndani ya zamu moja, lakini kanuni ya msingi haijafutika. Mara nyingi dawa ya kompyuta inayosuasua ni kukiondoa hewani kifaa kingine kabisa: runinga iliyo karibu na ruta ipewe kebo, kamera ya zamani ya getini ihamishiwe kwenye 2.4. Kila kifaa unachokifunga waya kinawaachia wengine muda wake.

Majirani nao wamo kikaoni. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliruhusu masafa fulani yatumike na vifaa vya mawasiliano bila leseni. Gigahezi 2.4 ni miongoni mwake, na kwa watu wa redio yalikuwa kama jalala, maana tanuri za mikrowevu tayari zilikuwa zinapigia hapohapo, karibu na 2.45. Uhuru ule ndio uliofanya Wi-Fi isambae duniani. Ndio pia unaofanya jengo la ghorofa liwe na ruta thelathini zinazosikiana.

Kwenye 2.4 kuna chaneli 1 hadi 13 katika nchi nyingi, Marekani kwa kawaida hadi 11. Zinaonekana nyingi hadi ujue kwamba zimepishana megahezi 5 tu ilhali kila moja inahitaji 20 hivi. Zinalaliana. Zisizogusana ni 1, 6 na 11 basi. Mtu akiona jirani yupo kwenye 1 na mwingine kwenye 6, hushawishika kujiweka 3, katikati, akidhani amewakwepa wote wawili. Amejiharibia. Angekuwa kwenye 1 pamoja na jirani, ruta zao zingesikizana na kupeana zamu. Akiwa kwenye 3, ruta ya kwenye 1 haielewi anachosema. Kwake ni kelele tu, na yeye vilevile. Kelele ni mbaya kuliko foleni. Chagua moja kati ya hizo tatu, ile yenye mawimbi hafifu zaidi ya majirani, na upana uwe megahezi 20. Ule mpangilio wa megahezi 40 kwenye 2.4 unaahidi kasi maradufu na katika jengo lenye watu unaleta ugomvi maradufu.

Gigahezi 5 ina nafasi zaidi, na kwa kifaa chochote cha karibu ndiko kwa kwenda. Ubaya wake mmoja ni ukuta, tutaufikia. Mwingine ni rada. Chaneli za katikati, 52 hadi 144, zinatumiwa pia na rada, zikiwemo za hali ya hewa, na sheria inaitaka ruta isikilize angalau dakika nzima kabla ya kuzitumia, na ikisikia rada iondoke. Kama Wi-Fi yako ya 5 hupotea ghafla na kurudi baada ya dakika moja au mbili, hasa ukiwa karibu na uwanja wa ndege, jaribu kuiweka kwenye 36 hadi 48 uone kama tabia itakoma. Gigahezi 6, ambayo Marekani iliifungulia Wi-Fi mwaka 2020, ina nafasi kubwa na wakazi wachache, ila ruta na simu zote mbili lazima ziwe na uwezo wa kuitumia.

Huenda sasa unaelewa kwa nini kuzima ruta na kuiwasha "huponya". Ruta nyingi zilizoachwa zichague chaneli zenyewe hupiga msasa hewa zinapowaka, zinachagua, kisha hazigeuki nyuma tena kwa wiki kadhaa. Majirani wanahama, ruta mpya zinaingia, yako imebaki palepale. Ukiiwasha upya inachagua upya. Kama unalazimika kufanya hivyo kila Jumatatu, usiizoee kama tiba. Umepewa ushahidi kwamba shida ni chaneli, au kwamba ruta inapata joto na kumbukumbu yake inajaa.

Ukuta, maji na kioo

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli, kwa namba hasi zinazowachanganya watu: -40 ni nguvu kuliko -70. Kila ukishuka 3, nguvu imepungua nusu; ukishuka 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Kutoka -50 hadi -80 umebakiwa na sehemu moja ya elfu. Programu za bure za kukagua Wi-Fi huonyesha namba hii, na ni bora mara mia kuliko vile vijistari vya kwenye simu, ambavyo kila mtengenezaji huvichora apendavyo. Kwa simu ya video isiyokatika ningependa -67 au juu ya hapo. Kwenye -75 mambo huanza kukwama. -80 unashika mtandao kwa jina tu.

Umbali ukiwa maradufu kwenye uwazi unapoteza 6. Kuta ndizo zinazomaliza. Ubao mwembamba hula kidogo, tofali hula zaidi, zege lenye nondo linaweza kula 10 na kupita, na gigahezi 5 huumia kuliko 2.4. Lakini wabaya zaidi ni wale wasioshukiwa. Kioo kikubwa cha kujitazamia kina utando wa metali nyuma. Kwa mawimbi ni ukuta wa chuma ulioning'inizwa kwa urembo. Maji hunyonya mawimbi, kwa hiyo tenki na tangi la samaki ni vizuizi, na hata umati wa watu sebuleni hupunguza mawimbi, maana mwili ni maji kwa sehemu kubwa. Jokofu ni kabati la chuma. Nimeona ruta iliyofichwa ndani ya kabati la runinga, nyuma ya runinga yenyewe, sakafuni, kwa sababu taa zake zinakera. Hakuna mpangilio wa kompyuta utakaoiokoa ruta hiyo. Itoe, iweke juu ya rafu, katikati ya nyumba iwezekanavyo, na upime tena kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Waya mrefu wa kuileta hadi hapo una thamani kuliko antena sita.

Antena nazo hazifanyi kazi kama tochi. Antena ya fimbo hurusha mawimbi kuzunguka ubavu wake, kwa umbo la tairi ambalo fimbo ndiyo ekseli yake. Ukiielekeza ncha yake kwako ukidhani unailenga simu, umejiweka kwenye tundu la tairi. Kwa nyumba ya chini zisimamishe wima. Kwa ghorofa, moja ilaze.

Halafu simu yenyewe ina ukaidi. Ruta haiamui simu ishike nini. Simu ndiyo inayoamua. Ukiwa na jina moja la Wi-Fi kwa 2.4 na 5, simu inaweza kung'ang'ania 2.4 hata ukiwa meza moja na ruta, kwa kuwa ilishika hiyo ulipokuwa unaingia getini na haikuona haja ya kuhama. Zima Wi-Fi ya simu na kuiwasha. Kasi ikiruka kutoka 15 hadi 90, umempata. Kwa muda wa uchunguzi, zipe masafa hayo mawili majina tofauti ili ujue unapima nini. Baadaye ukitaka yaunganishe tena.

Vikuza mawimbi

Mtu ambaye chumba chake hakifikiwi hukimbilia kikuza mawimbi cha kuchomeka ukutani. Vinasaidia, ila ujue bei yake. Kikuza cha kawaida husikia pakiti kutoka kwenye ruta na kuirudia kwa redio ileile, kwenye chaneli ileile. Kila neno linasemwa mara mbili, kwa hiyo kasi hukatika karibu nusu. Kosa la pili ni la mahali: hukiweka ndani ya chumba kile kilichokufa, nacho kikakuza ukimya. Nafasi yake ni katikati ya njia, pale ambapo simu bado inaona -60 au -65. Seti za ruta zinazosaidiana zenye redio ya tatu ya kuongea zenyewe kwa zenyewe ni afadhali. Na ruta ya pili iliyounganishwa kwa kebo inazishinda zote, hata ikiwa ile ya zamani uliyokuwa umeitupa kabatini, mradi uiweke kama kituo cha Wi-Fi tu na uizuie kuvigawia vifaa anwani za mtandao: kwenye nyumba moja, ruta moja ndiyo igawe.

Kasi ipo, lakini inakera

Kuna lalamiko ambalo kipimo cha kasi hakilioni. Namba ni nzuri, 50 au 60, lakini mtu mmoja akianza kutuma video, simu za wengine zinakatika maneno na mchezo unaganda. Hii ni foleni. Modemu na ruta zina bafa, ghala dogo la kuhifadhi pakiti zinazosubiri kutoka. Watengenezaji walizijaza kumbukumbu nyingi kwa nia njema, wasipoteze hata pakiti moja. Fanya hesabu: bafa ya megabaiti 1 imejaa, na laini yako ya kupakia ni megabiti 2. Megabaiti 1 ni megabiti 8. Neno lako litakalowekwa mwisho wa foleni hiyo litasubiri sekunde 4 kabla halijatoka nyumbani. Na kupakua nako kunazorota, kwa sababu kila unachopakua kinahitaji kuthibitishwa, na uthibitisho wako umekwama nyuma ya video ya mwenzako.

Mwaka 2011 wataalamu wa mitandao Jim Gettys na Kathleen Nichols waliandika kwa kina juu ya uvimbe huu wa bafa, na mwaka uliofuata Nichols na Van Jacobson wakatoa njia ya kuutibu iitwayo CoDel, inayozitupa pakiti zilizosubiri kupita kiasi ili watumaji wapunguze mwendo. Mtoto wa CoDel, fq_codel, aliingia kwenye hati rasmi za intaneti mwaka 2018, naye huzipanga pia pakiti za kila mazungumzo kwenye mstari wake ili mzungumzaji mmoja asimeze wote. Kuutambua ni rahisi: anza ping kwenda kwenye anwani ya nje kama 1.1.1.1, iangalie ikitulia kwenye 20 au 30, kisha anza kupakia faili kubwa. Ikiruka hadi 600, umeona. Kama ruta yako ina mpangilio wa kusimamia foleni, mara nyingi huandikwa SQM, uwashe na uiambie laini yako ni asilimia 90 hivi ya kasi halisi, ya kupakua na ya kupakia. Utapoteza megabiti chache kwenye kipimo na hutazikumbuka. Kama haina, tafuta kinachopakia kimyakimya: simu zinazohifadhi picha mawinguni, kompyuta inayotuma nakala zake, kamera. Zipange usiku wa manane.

Yaliyobaki ni madogo, ila yapo. Usalama wa kizamani, WEP au TKIP, huikata kasi hadi 54 hata kwenye ruta mpya, kwani kanuni za kuanzia Wi-Fi 4 zinakataza kasi kubwa kwa usimbaji huo. Weka WPA2 au WPA3. Kurasa zinazochelewa kuanza kisha zikafunguka kwa kasi huashiria DNS, yaani kitabu cha anwani, na kubadilisha seva yake kunachukua dakika moja. VPN, programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva ya mbali, ikisahauliwa ikiwaka nayo hupunguza kasi. Na kuna hili lililomshinda rafiki yangu mwezi mzima: kipanya chake kisicho na waya kilikuwa kinakwama na Wi-Fi ya 2.4 inakufa kila alipochomeka diski ya nje ya USB 3. Mwaka 2012 Intel walieleza kwamba nyaya hizo huvujisha kelele kwenye masafa hayohayo. Aliisogeza diski kwa waya mrefu kidogo, akahamia gigahezi 5, ikaisha.

Ikiwa waya umekuonyesha kwamba tatizo haliko hewani, rudia kipimo kwa kebo iliyochomekwa kwenye modemu yenyewe, na likibaki, mpigie mtoa huduma ukiwa na vipimo mkononi: tarehe, saa, namba za kupakua na za kupakia, na uanze kwa kumwambia kwamba umepima kwa kebo, moja kwa moja kwenye modemu, ruta ikiwa imetolewa. Atakaposema uzime ruta na kuiwasha, mjibu kwamba haimo.